Nyumba Isiyopigwa Hodi

Muscat, 12 Machi 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, presha imetulia na mguu umekupa nafasi ya kutembea. Mimi sijambo. Kazi ipo, na joto bado halijaanza ukali wake.

Mama, nyumba imekwisha. Fundi wa vigae amemaliza juzi, akanitumia video, nimeitazama mpaka simu ikaisha chaji. Vyumba vitatu, jiko la ndani, na choo kimo humohumo chumbani kwako. Tangi la maji limeshapandishwa. Kibada pametulia. Hakuna mikokoteni, wala zile spika za dawa ya panya na kunguni zinazoanza kupiga kelele watu hawajapiga hata mswaki.

Nakuomba Idi ikukute umeshahamia. Mimi nafunga viyoyozi kwenye majumba ambayo chumba cha kuwekea viatu ni kikubwa kuliko chumba chako hapo Mtaa wa Mchikichi. Kila nikiingia humo nakuona wewe, ndoo mkononi, umesimama uani unangoja mpangaji mwenzio atoke chooni. Inanichoma. Ule umaskini umetosha, Mama. Tuutoke.

Wasalimie Bi Badria na Bi Geeta wa dukani.

Mwanao,
Twaha


Kariakoo, 2 Aprili 2023

Mwanangu Twaha,

Marahaba, na funga njema huko uliko. Mguu upo, presha ipo, tumezoeana. Masikio ndiyo yaliyoniaga. La kulia limefunga duka, la kushoto linasikia radi na ugomvi tu. Ukipiga simu naona taa inawaka, lakini nikiiweka sikioni ni kama nimeweka kipande cha sabuni. Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu. Nasreen, yule binti msusi wa chumba cha mbele, ananipigia picha karatasi na kukurushia.

Video nimeiona. Nilimwita kila mtu uani aje aitazame. Hakuna mama asiyefurahi mwanawe akimjengea, na mimi si jiwe. Nitahama kama ulivyoniomba.

Ila nikueleze ninachokiacha, usije ukasema sikusema. Unajua kazi yangu hapa mtaani. Mwanamke akifariki, kuanzia hapa mpaka Gerezani, ni mimi ninayeitwa kumwosha. Sasa sisikii, hawaniiti kwa sauti. Mtu anakuja, ananigusa bega, nami najua, nachukua kanga yangu natoka.

Geeta ameshuka ngazi kuja kuniaga, ameleta dengu na bizari utadhani nakwenda safari ya jangwani. Nimemsoma midomo: "Kija, ukienda ng'ambo ya maji mimi nitagombana na nani?"

Badria hakuja kabisa. Amejifungia chumbani kwake, amenuna. Nikamfuata. Unakumbuka lile kovu la moto mgongoni kwake, la jiko la mafuta ya taa? Hukumbuki, kwa sababu hujaliona. Hajaliona mtu ila marehemu mumewe na mimi. Tuliahidiana zamani, wewe ukiwa unatambaa, kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake, ili mwili wake usiguswe na mgeni. Basi akaniambia polepole ili nimwone vizuri: "Na ahadi yetu?" Nikamwambia, "Kibada si Ulaya, Badria. Pantoni ipo."



Mungu akulinde.

Mama yako


Muscat, 6 Mei 2023

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi kupita kiasi. Nasreen amenitumia picha yako umesimama kwenye geti, umeshika funguo. Nimeionyesha kazini kwa kila mtu.

Huku nako mambo yamenyooka. Nimepandishwa cheo, nimepewa chumba changu peke yangu. Haruna naye, yule jamaa wa Pangani niliyelala naye chumba kimoja tangu nifike, kapata chake, mlango wake unatazamana na wangu. Zamani tulilala watu wengi kama dagaa na kila mtu na mkoromo wake. Sasa tunalala kama mabwana.

Pumzika, Mama. Umefanya kazi ya kutosha.

Mwanao,
Twaha


Kibada, 20 Septemba 2023

Mwanangu Twaha,

Salamu nyingi. Nilikawia kuandika kwa sababu huku sina wa kunipigia picha karatasi. Hii nimeibeba mpaka Kariakoo kwa Nasreen.

Nyumba ni nzuri. Maji yanatoka hata nikiamka alfajiri, choo kinang'aa, mvua ikinyesha nalala tu bila kuwaza paa. Kila nikitawadha nakuombea.

Majirani ni watu wa heshima, lakini kila mmoja ana ukuta na geti, na geti lina gari linaloingia jioni na kutoka asubuhi. Kuna mama wa nyumba ya pili, tulisalimiana mwezi wa sita. Mimi sisikii kengele ya geti, kwa hiyo hata akija mtu anaondoka. Siku hizi nazungumza na muuza maziwa. Anauliza lita ngapi, namwonyesha kwa vidole. Yakishakwisha hayo nakuwa nimemaliza mazungumzo ya siku.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Badria amefariki.

Aliugua kifua siku chache tu. Jioni moja akazidiwa, akakata roho kabla ya isha. Nasreen alinipigia, akapiga, akapiga. Simu ilikuwa jikoni inachaji, mimi niko chumbani nasoma Yasini. Akatuma na ujumbe. Nimeuona asubuhi nilipokwenda kuchemsha chai. Nilitoka bila kuvaa vizuri, nikachukua bajaji mpaka feri, pantoni ikachelewa kutia nanga. Nimesimama pale kwenye foleni nikiwaambia watu wanipishe, nina maiti yangu ng'ambo. Wengine wakanipisha.

Nilipofika Mchikichi turubai limeshafungwa barabarani na wanaume wamerudi kutoka makaburini. Aliyemwosha ni mwanamke aliyeletwa na msikiti, mtu mwema, wala sina neno naye. Alinijia akanikumbatia. Kisha akasema, na kwa bahati mbaya nikamsoma vizuri: "Maskini, alikuwa na kovu kubwa mgongoni."

Geeta alikuwa amekaa mkekani na wanawake, amejitanda kitambaa cheupe. Alinivuta nikakaa karibu yake.

Mama yako


Muscat, 1 Oktoba 2023

Mama yangu,

Shikamoo, na pole sana. Bi Badria alinilea na mimi. Mungu amrehemu.

Lakini, Mama, naomba tuzungumze kama watu wazima. Barua yako yote imekaa kama lawama. Nimekaa miaka juu ya mapaa ya watu, jua linachoma ngozi mpaka inatoka magamba, ili wewe usioge tena kwenye banda la mabati. Ni wanawake wangapi wa Kariakoo wanaiota nyumba ile? Tatizo la masikio nitalitatua. Nimeulizia vifaa vya kusikilizia. Nitakutafutia binti wa kazi akae na wewe, na televisheni kubwa zaidi yenye maandishi chini.

Kifo kipo popote. Hata ungekuwa chumba cha jirani angekufa. Usiirudishe akili yako kule. Kule ulikuwa maskini, Mama, ila ulizoea tu, ukaona ndiyo maisha.

Nisamehe kama nimesema kwa ukali. Nimechoka.

Mwanao,
Twaha


Kibada, 18 Novemba 2023

Mwanangu,

Sijakasirika. Nilikaa kimya kwa sababu nilitaka kukujibu nikiwa nimetulia.

Umesema nilikuwa maskini na sikujua. Twaha, ulikuwa na dada kabla yako. Homa ilimpanda mchana wa masika. Nilikuwa na kanga moja, nimeifua, inatiririka maji kwenye kamba. Ningekwendaje hospitali mbele za watu nikiwa nimevaa gunia? Nilikaa nikiingoja ikauke, na mtoto anaungua mapajani mwangu. Badria alirudi kutoka sokoni akaniona, akavua kanga yake palepale, akanifunga, yeye akabaki na gauni lililochanika. Tukakimbia. Tulichelewa. Kwa hiyo usinieleze habari za umaskini, mimi naujua kwa sura na kwa harufu. Mtu anayesema pesa si kitu hajawahi kuuguza. Nyumba yako naithamini, na kila senti uliyotuma ina jasho lako.

Lakini ule mchana, nilipofika hospitali, nilikuwa nimevaa nguo ya mtu. Na baba yako Hashimu alipofariki, sikujua nani aliyewasha jiko wala nani aliyekuogesha wewe, nilikukuta tu jioni umeshiba na umepakwa mafuta. Hivyo navyo nilikuwa navyo. Wewe unaniambia nilikuwa sina kitu.

Hapa nina kila kitu cha kushika. Naamka, nafagia sakafu isiyo na vumbi. Hakuna anayeningoja, hakuna anayenihitaji. Nikianguka bafuni, atakayejua ni muuza maziwa, naye atadhani nimesafiri. Sijui wenye elimu wanaliitaje jambo hili. Mimi sina neno lake jingine, ni umaskini tu, wa namna yake.

Sikulaumu. Nakuuliza kitu kimoja, unijibu kwa ukweli. Umenieleza mshahara, cheo, chumba, mashine. Hujawahi kunieleza unakula na nani. Twaha, unakula na nani?

Mama yako


Muscat, 9 Juni 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua miezi imepita na mimi natuma pesa bila neno hata moja. Nilisoma swali lako nikaifunga simu. Nikawa nikitaka kujibu naona hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nini. Leo naandika kwa sababu hakuna mwingine wa kumwandikia.

Haruna amekufa.

Alikufa chumbani kwake, usingizini, daktari amesema ni moyo. Ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, siku yetu ya mapumziko. Ijumaa nzima mlango wake ulikuwa umefungwa. Nilipita mbele yake nikienda kununua mkate, nikapita tena nikirudi nao. Nilidhani amelala, au amekwenda kwa rafiki zake. Jumamosi haikuwa zamu yake, nami nilipangiwa kazi mji mwingine, sikurudi mpaka giza. Jumapili hakutokea kazini, msimamizi akaniambia nikamwamshe.

Kiyoyozi chake kilikuwa kinafanya kazi vizuri, Mama. Nilikifunga mimi. Chumba kilikuwa baridi, ndiyo maana hapakuwa na harufu, hakuna mtu aliyeshtuka. Tulipolala kumi chumba kimoja, mtu akikohoa vibaya tulimwamsha. Tulikuwa tunalalamika kutwa kucha tupewe vyumba vyetu.

Hospitali wakauliza, "Nani wa kwake?" Tulikuwa watu wa kampuni, tumesimama, tunatazamana. Msimamizi alikuwa anatafuta karatasi. Nikasema, "Mimi."

Mwoshaji pale ni mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, anazungumza Kiswahili kizuri kuliko changu. Akaniuliza, "Umewahi kuosha?"

Nikamwambia, "Sijawahi. Lakini mama yangu ni mwosha."

"Basi njoo," akasema. "Mengine utayakumbuka."

Na kweli niliyakumbuka. Sikujua kuwa ninayo kichwani. Nilipokuwa mdogo ulikuwa ukirudi kutoka msibani unawaeleza wanawake wenzako, nami nipo nacheza chini ya meza: kwamba uanze kuumeni, kwamba usimwage maji kwa pupa, kwamba mwili wa mtu usiachwe wazi hata kama mwenyewe hajui tena. Yule mzee alinimiminia maji, mimi nikaosha. Nilitamani kukupigia simu nikuulize kama nafanya sawa, halafu nikakumbuka husikii.

Tumemzika huku. Uliniuliza nakula na nani. Nilikuwa nakula nimesimama, sufuria mkononi, natazama simu. Haruna naye alikuwa ng'ambo ya korido, nadhani anafanya hivyohivyo.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa tisa. Wanataka niongeze, na mshahara unapanda. Sijui.

Mama, kama unataka kurudi Kariakoo, rudi. Sitasema tena neno la umaskini.

Mwanao,
Twaha


Kariakoo, 23 Juni 2024

Mwanangu Twaha,

Inna lillahi. Mungu amsamehe Haruna, amweke pema. Nimekusoma, macho yakanijaa. Nilipoyafuta nikamwomba Nasreen anisomee tena polepole, nami namsoma midomo.

Ulifanya sawa. Hakuna ulichokosea.

Kabla sijaendelea, ujue ninakoandikia. Nimerudi Mchikichi tangu Januari. Sikukuambia, maana hukuwa unaandika, na sikutaka uione habari hii kama kofi. Nimechukua chumba cha Badria. Nyumba ya Kibada nimempangisha mwalimu na mumewe, wana watoto wadogo wanaochora ukutani. Nimewakataza mara moja, ya pili nimenyamaza.

Usidhani nimerudi peponi. Choo ni kilekile. Masika maji yalijaa uani, nikashikwa na tumbo mpaka nikawa sijitambui. Nasreen alimwacha mteja kichwa nusu kimesukwa, akanibeba kwa bajaji. Pale mapokezi ni bima uliyonikatia ndiyo iliyozungumza kwa niaba yangu, nikapata kitanda siku ileile. Nimelala pale nikamkumbuka dada yako. Geeta alikuja kila siku na uji, ananilisha huku akinigombeza. Kwa hiyo pesa yako na watu wangu, vyote viwili ndivyo vilivyoniponya. Kimoja kisingetosha.

Wananigusa bega tena. Wiki iliyopita nimemwosha bibi mmoja wa Mtaa wa Sikukuu.

Kuhusu mkataba, sikuamulii. Hapa mafundi wa friji ni wengi na kazi ni ya kugombania. Ukija kwa kunionea huruma utanichukia baada ya mwaka. Uje kama mwenyewe unataka kuja.

Ila kuna jambo lisilo la hiari, nakuamuru kama mama. Haruna ana mama Pangani. Kampuni itampelekea sanduku na karatasi zenye mihuri. Atazisoma au atasomewa, na hazitamwambia kitu. Siku yoyote utakayokanyaga nchi hii, usije kwangu kwanza. Nenda kwake.

Mama yako


Pangani, 5 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika nchini juzi. Mkataba sikuongeza. Sikuja kwa huruma, nimekuja kwa sababu nilipokaa kufikiria kurudi kwenye kile chumba, miguu ilikataa. Nimefanya kama ulivyoniagiza: kutoka uwanja wa ndege nililala gesti karibu na stendi, asubuhi nikapanda basi la Tanga.

Nyumba ya mama yake Haruna haikuwa ngumu kuipata. Ina bati jipya jekundu, na sebuleni kuna friji kubwa aliyonunuliwa na mwanawe, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ni mwanamke mfupi, kimya, yuko makini. Majirani walipoona mgeni na begi walianza kuingia mmoja mmoja, wakakaa.

Nilikuwa nimejiandaa. Niliyabeba maelezo ya stahili za Haruna kazini, nani wa kumpigia kampuni ikichelewa, karatasi ipi ipelekwe wapi. Nilianza kumweleza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanikatiza.

"Baba, hayo utamweleza mjomba wake. Mimi nina swali moja tu, na nimeliuliza kwa simu, kila mtu ananijibu hajui. Nani alimwosha mwanangu?"

Nikasema, "Mimi, mama."

Akauliza tena:

"Maji yalikuwa ya moto au ya baridi?"

"Vuguvugu."

"Ulimfunika wakati unamwosha?"

"Nilimfunika. Sikuacha aonekane."

"Uso wake ulikuwaje?"

"Ulitulia, mama. Kama mtu aliyelala mchana."

Akasogea, akaichukua mikono yangu yote miwili, akaigeuza, akavitazama viganja. Kisha akajifunika uso kwa mikono hiyo hiyo, akalia. Mimi sikuweza kuondoa mikono yangu, wala sikutaka. Jirani mmoja aliniambia baadaye kuwa tangu habari ifike mama huyu hajatoa chozi, walikuwa wanamwogopea.

Alipomaliza alinyanyuka, akanawa uso, akaingia jikoni. Nilitaka kuwahi basi la jioni, amekataa. Amenitandikia kitanda chumba cha Haruna, na majirani wameleta kila mmoja sahani yake. Nitaondoka kesho, inshallah, nikifika mjini nitakuja moja kwa moja Mchikichi.

Ilikuwa niandike zaidi, lakini ananiita chai imeiva. Amekosea jina, ameniita Haruna. Nimeitika.

Mwanao,
Twaha